Lily Parr: msichana wa St Helens aliyefungiwa milango ya viwanja

Kule Manchester, Uingereza, ndani ya makumbusho ya taifa ya mpira wa miguu, kuna sanamu ya mwanamke mwenye jezi na mpira. Iliwekwa mwaka 2019, na ndiyo sanamu ya kwanza ya mwanamke mchezaji wa mpira katika nchi ile. Jina lake ni Lily Parr. Alikuwa mchezaji wa mbele upande wa kushoto. Inahesabiwa kwamba alifunga magoli zaidi ya 900, na karibu yote aliyafunga katika wakati ambapo wakubwa wa mpira wa Uingereza hawakutaka hata kumuona akigusa nyasi ya viwanja vyao.

Kwa nini tumlete kwenye ukurasa wetu huyu mama aliyekufa mwaka 1978? Mwezi wa kumi na moja 2024, wakati wanawake wa TP Mazembe walichukua kombe la vilabu bingwa Afrika kule Maroc, hapa mitaani kwetu tulisikia watu wengi wakisema mpira wa wanawake ni kitu cha juzi juzi, eti mambo ya kisasa. Siyo hivyo. Mpira wa wanawake ulishajaza viwanja zaidi ya miaka 100 iliyopita. Kisha ukafungiwa mlango. Na maisha ya Lily Parr yanaonyesha vizuri namna ulivyofungiwa.

Alizaliwa tarehe 26 Aprili 1905 katika mji wa St Helens, kaskazini-magharibi ya Uingereza. Ulikuwa mji wa viwanda vya vioo na wa machimbo ya makaa ya mawe. Baba yake alikuwa kibarua katika kiwanda cha vioo. Nyumbani walikuwa watoto saba, yeye wa nne. Pesa hazikuwepo. Lily hakupenda kushona wala kukaa jikoni. Alitoka na kaka zake kwenda kwenye fasi wazi kati ya manyumba, wakacheza mpira wa miguu na rugby, mchezo ambao mpaka leo watu wa St Helens wanaupenda kupita yote. Kule njo alijifunza kupiga. Mpira wa ile wakati ulikuwa wa ngozi nzito. Mvua ikinyesha unakunywa maji na kuwa kama jiwe. Mtoto wa kike aliyeweza kuupiga ule mpira kutoka pembeni ya uwanja mpaka mbele ya goli, hata wanaume walisimama kutazama.

Lakini ili tumuelewe Lily, lazima tupite kwanza katika mji mwingine usio mbali, Preston. Wakati wa vita kuu ya kwanza, wanaume walienda kupigana na wanawake wakaingia viwandani kutengeneza risasi na mabomu. Kiwanda kimoja cha Preston kiliitwa Dick, Kerr, kutokana na majina ya waanzilishi wake. Saa ya mapumziko wasichana walicheza mpira uani. Karani mmoja wa kiwanda, Alfred Frankland, aliwaona akafikiri: hawa wanaweza kucheza mbele ya watu na kuleta pesa za kusaidia majeruhi. Siku ya Noeli 1917 walicheza katika uwanja wa Deepdale, ule wa klabu ya wanaume ya Preston North End, na watu 10.000 wakaja. Walishinda 4-0. Pesa zilizobaki, karibu pauni 600, zilienda kwa hospitali ya askari waliojeruhiwa. Hivyo ekipe ikazaliwa, ikaitwa Dick, Kerr Ladies, maana yake wanawake wa Dick, Kerr.

Vita ilipoisha mwaka 1918, wengi walidhani mambo yale yataisha pia. Wanaume wamerudi, wanawake warudi jikoni. Lakini kwa upande wa mpira ikawa kinyume: watu walizidi kuja. Mwaka 1920 Dick, Kerr walicheza na St Helens, na katika ekipe ya St Helens Frankland akaona wasichana wawili wanaomfaa: Alice Woods, aliyekuwa hodari pia wa mbio, na mtoto mrefu mwenye nywele nyeusi na mguu wa kushoto wa kutisha. Huyo wa pili alikuwa Lily. Hata miaka 16 hakuwa amefikisha. Frankland akawachukua wote wawili.

Lily alipewa kazi, akapata fasi ya kulala Preston katika familia ya mchezaji mwenzake, na kila mechi alipokea shilingi 10 za Kiingereza kulipia siku ya kazi aliyoikosa pamoja na gharama za safari. Wachezaji wetu wangesema ni primu. Shika vizuri hii habari ya shilingi 10, tutaikuta tena mbele.

Katika msimu wake wa kwanza inaandikwa kwamba alifunga magoli 43. Lakini kazi yake haikuwa kufunga tu. Pembeni kushoto, yeye ndiye aliyepiga kona na mipira ya kuvuka mbele ya goli, na wenzake kama Florrie Redford na mdogo Jennie Harris wakamalizia. Kuna hadithi moja inayorudiwa kila fasi, kwamba golikipa mwanaume, mchezaji wa kulipwa, alimdharau Lily na kumuambia apige. Akapiga, golikipa akaweka mkono, na mkono ukavunjika. Mimi siwezi kuapa kwamba ilitokea hivyo kabisa. Wachezaji wenye nguvu wote wanavutia hadithi za namna hii. Kwa vyovyote, watu waliomuona akipiga hawakuona shida kuiamini.

Mwaka ule wa 1920 mpira wa wanawake ulivuka bahari. Alice Milliat, mwanamke Mfaransa aliyepigania michezo ya wanawake kwa nguvu zake zote, alileta Uingereza ekipe ya wasichana wa Paris. Walicheza mechi nne na Dick, Kerr, ya kwanza pale Deepdale mbele ya watu 25.000. Mwisho wa mwaka Waingereza nao wakaenda Ufaransa. Ekipe ya kiwanda kimoja ikawa inasimama kwa jina la Uingereza nzima, maana ekipe nyingine ya taifa ya wanawake haikuwepo. Kwa hiyo tunaposema Lily alikuwa mchezaji wa kimataifa, tujue hakuitwa na shirikisho lolote. Mwaka 1921 Wafaransa waliporudi, pale Longton, Dick, Kerr walishinda 5-1, na magoli yote matano yalikuwa ya Lily. Alikuwa na miaka 16.

Katika Desemba 1920 walicheza hata usiku, pale Deepdale, chini ya taa kubwa za jeshi zile zilizotumiwa wakati wa vita kutafuta ndege angani. Ruhusa ya kuazima taa hizo ilitoka kwa waziri wa vita, Winston Churchill. Mpira ulipakwa rangi nyeupe ili uonekane. Pesa zilienda kwa askari wa zamani waliokosa kazi.

Siku chache nyuma ya hapo ikafika tarehe 26 Desemba 1920. Hii siku tusiipite mbio.

Mechi ilikuwa Liverpool, katika uwanja wa Goodison Park, nyumba ya klabu ya Everton. Dick, Kerr dhidi ya St Helens. Kwa Lily ilikuwa kucheza na wasichana wa kwao, wale aliowaacha miezi michache tu. Ndani ya uwanja waliingia watu 53.000. Nje walibaki wengine wanaokadiriwa 14.000, milango imefungwa, hakuna tena fasi ya kuweka mguu. Wachezaji wenyewe walihitaji polisi ili wapite mpaka vyumba vya kuvalia. Na Dick, Kerr walikuwa na shida: Florrie Redford, mfungaji wao, alikosa gari moshi. Kapteni Alice Kell, aliyezoea kucheza nyuma, akapelekwa mbele kuziba pengo. Jennie Harris alifungua, kisha Alice Kell mwenyewe akafunga matatu. 4-0. Pesa za siku ile zilifika pauni 3.115, zote kwa ajili ya kusaidia watu. Idadi ile ya watazamaji ilibaki rekodi ya dunia kwa mechi ya vilabu vya wanawake karibu miaka 100, mpaka ilipovunjwa Madrid mwaka 2019.

Sasa fikiria wewe ni mkubwa wa mpira wa wanaume, na unasikia kwamba wafanyakazi wa kiwanda, wanawake, wamejaza Goodison Park mpaka watu 14.000 wakabaki nje. Unafurahi? Au unaanza kuhesabu?

Mwaka 1921 Dick, Kerr walicheza mechi 67, wakatazamwa na watu karibu 900.000. Walikuwa bado wanafanya kazi kiwandani siku za juma. Katika mwaka ule ule kulitokea ugomvi mkubwa katika machimbo ya makaa ya mawe: wenye migodi walitaka kupunguza mishahara, wachimbaji wakakataa, wakafungiwa nje ya migodi miezi kadhaa. Familia zao zililala njaa. Ekipe za wanawake zikaanza kucheza kwa ajili ya wake na watoto wa wachimbaji. Kusaidia askari waliojeruhiwa, hilo kila mkubwa alilipigia makofi. Kusaidia wachimbaji walio katika ugomvi na matajiri, hapo wako waliokunja uso. Wako wanahistoria wanaoona kwamba hiyo nayo ni sababu moja ya yaliyofuata, na mimi naona wana haki ya kufikiri hivyo.

Tarehe 5 Desemba 1921, shirikisho la mpira la Uingereza (kama vile FECOFA hapa kwetu) lilikaa na kuamua. Lilisema kwamba mpira haufai kwa wanawake na usitiwe moyo. Likaongeza kwamba sehemu kubwa mno ya pesa za milangoni inaliwa na gharama, haifiki kwa wahitaji. Njo hapa tunarudi kwa shilingi 10 zetu. Kwa hiyo vilabu vyote vilivyo chini ya shirikisho vilikatazwa kuwaazima wanawake viwanja vyao. Waamuzi wa shirikisho nao wasiguse mechi hizo. Madaktari fulani walipatikana wa kusema kwamba mchezo ule ni hatari kwa mwili wa mwanamke. Ni mwili ule ule uliokuwa ukibeba mabomu kiwandani miaka mitatu mbele ya hapo, na hakuna daktari aliyelalamika.

Tuangalie vizuri kilichofanyika. Hawakukataza mwanamke kupiga mpira, wala hakuna aliyefungwa jela. Walifunga uwanja. Bila uwanja wenye kuta na milango huwezi kuuza tiketi, bila tiketi hakuna pesa ya safari wala ya msaada, na bila watu elfu ishirini magazeti hayaji. Mimi nafuata michezo ya mitaani hapa kwetu, na nimeshaona mara nyingi wasichana wakiambiwa kwa upole wasubiri wavulana wamalize mazoezi, na wavulana wanamaliza giza limeingia. Hakuna aliyewakataza kucheza. Basi ndiyo dawa ile ile, ila kule Uingereza iliandikwa kwenye karatasi na ikadumu miaka 50.

Lily siku ile alikuwa na miaka 16 na miezi saba.

Vilabu vya wanawake vilijaribu kuunda shirikisho lao wenyewe, halikuishi siku nyingi. Ekipe nyingi zilikufa moja moja. Dick, Kerr walikataa kufa. Walicheza katika viwanja vya rugby, katika bustani za miji, katika mashamba, popote ambapo mwenye kiwanja hakuwa chini ya mpira wa wanaume.

Mwaka 1922 Frankland akawapakia kwenye meli kwenda Canada na Marekani. Walipofika Canada wakakuta shirikisho la kule nalo limekataa. Hawakucheza hata mechi moja. Wakashuka Marekani, na kule wakakuta ekipe za wanaume zinawasubiri, zikiwa na wachezaji wa kulipwa ndani yake. Wakacheza. Mechi 9 dhidi ya wanaume, na walizopoteza hazikufika nusu. Magazeti ya Marekani yalimtazama sana yule winga wa kushoto. Mtu akifukuzwa kwao, akaenda kupima nguvu na wanaume wa nchi nyingine na kurudi kichwa juu, ungedhani wakubwa watafikiri upya. Hawakufikiri.

Baada ya hapo Lily alichukua kazi ya uuguzi katika hospitali ya Whittingham, karibu na Preston, hospitali kubwa sana ya wagonjwa wa akili. Wachezaji wenzake kadhaa nao walifanya kazi pale. Ni kazi ngumu, zamu za usiku na za mchana, wagonjwa wengine wa kushikwa kwa nguvu na wengine wa kulishwa kwa kijiko. Lily aliifanya mpaka wakati wa kustaafu, na siku za mapumziko alifunga viatu na kwenda kucheza. Hakuolewa. Alikuwa mtu wa maneno machache na mzaha mkali, mrefu karibu futi sita, mpenzi mkubwa wa sigara. Inasimuliwa hata kwamba sehemu ya malipo yake ilikuwa pakiti za sigara.

Mwaka 1926 Frankland aligombana na wenye kiwanda, ambacho kilikuwa kimepita mikononi mwa kampuni nyingine. Ekipe ikatoka kiwandani na kuchukua jina la Preston Ladies, ingawa watu waliendelea kuiita Dick, Kerr. Mwaka 1937, kule Blackpool, waliwapiga wanawake wa Edinburgh 5-1 katika mechi ambayo wenyewe waliitangaza kuwa ya ubingwa wa dunia. Nani angewabishia? Hakukuwa na mtu mwingine wa kutoa ubingwa huo. Vita ya pili ikasimamisha kila kitu, na walipoanza tena mwaka 1946 Lily alipewa ukapteni. Alikuwa na miaka 41. Alicheza mpaka 1951, ana miaka kama 46, na bado ule mguu wa kushoto ulikuwa unaogopwa. Zaidi ya magoli 900, mengi yao mbele ya watu mia chache wamesimama pembeni ya shamba. Hesabu ya magoli hayo haikuandikwa katika kitabu chochote cha shirikisho.

Ekipe yenyewe iliishi kupita yeye. Ilifungwa mwaka 1965 kwa kukosa wachezaji wapya, baada ya mechi zaidi ya 800, na zile ilizopoteza hazifiki 30. Miaka sita tu nyuma ya hapo, mwaka 1971, katazo likaondolewa. Hakuna aliyeomba msamaha ile siku. Mwezi wa kumi na moja 1972, Uingereza ilicheza kule Scotland mechi yake ya kwanza rasmi ya taifa ya wanawake, ikashinda 3-2. Lily Parr alikuwa hai, ana miaka 67. Kwa karatasi za wakubwa, ile ndiyo ilikuwa mechi ya kwanza. Zile za 1920 dhidi ya Wafaransa hazikuhesabiwa.

Wakati huo alikuwa mgonjwa. Mwaka 1967 alipatikana na kansa ya matiti, akapasuliwa na kuondolewa yote mawili. Aliishi tena miaka 11. Alikufa nyumbani kwake, karibu na Preston, tarehe 24 Mei 1978, na alizikwa kwao St Helens.

Mwaka 2002 makumbusho ya taifa ya mpira ya Uingereza ilianza kuandika majina ya wachezaji wakubwa wa historia ya nchi ile. Kati ya wanaume wote wale iliweka mwanamke mmoja tu, Lily Parr. Makumbusho hayo yalikuwa bado hayajahamia Manchester. Yalikuwa Preston, ndani ya uwanja wa Deepdale.